Ngozi ya Mwanamke wa Makamo

Pwani ya Waswahili ilimwandalia mwanamke walimu wa mwili wake. Msichana alipovunja ungo alipewa somo, akafundishwa usafi, kuhesabu siku, kitambaa cha kutumia na mahali pa kukianika pasipo macho ya watu. Alipokaribia kuolewa alikuja kungwi, akamsugua kwa singo, akampaka liwa, akamweleza mambo ambayo mama mzazi alizuiwa na haya kuyatamka. Alipojifungua walikuja wa kumkanda kwa maji ya moto, wa kumfunga tumbo, wa kumpikia uji wenye pilipili manga. Kisha hufika miaka ambayo hedhi inaanza kupotea. Mwezi huu ipo, miezi miwili haipo, inarudi nzito kuliko ya ujana, inaondoka tena. Hapo hakuna anayekuja. Bibi zetu walivuka kimya, mama zetu walisema tu kwamba wamepumzika, na sisi tumebaki kuulizana kwa kuzungukazunguka.

Nipo katika miaka hiyo pamoja na wenzangu wengi. Tukikutana kikobani au msibani, baada ya salamu na habari za watoto, hakuna anayeanza na hedhi. Tunaanza na ngozi. Shoga, unapaka nini siku hizi? Mbona miguu yangu inapauka na hali najipaka asubuhi na jioni? Haya madoa mashavuni yametoka wapi, na hizi chunusi za kidevuni, wakati nilipokuwa msichana uso wangu ulikuwa safi? Mwingine anasema usiku mgongo unamwasha mpaka anamwamsha mumewe amkune, na wakiwasha taa hawaoni upele. Kila mmoja ana mshitakiwa wake: sabuni, maji ya kisima, mafuta mapya, jicho la mtu. Ni nadra mmoja wetu kuiunganisha ngozi yake na ile kalenda iliyovurugika.

Jambo hili linanikaa moyoni kwa sababu lina hatari ndani yake. Katika miaka hii ngozi huweza kutangulia kusema kabla ya viungo vingine, na mwanamke anaposikia lugha hiyo haendi zahanati, anakwenda duka la vipodozi. Huko anauziwa kitu cha kuichuna ngozi, wakati yenyewe inaomba irudishiwe kilichopungua.

Kinachopungua kinajulikana. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Ukomo wenyewe hutambuliwa kwa kutazama nyuma, pale miezi 12 inapopita bila damu na bila sababu nyingine ya kuizuia. Lakini misukosuko mingi huanza kabla, katika miaka ya mpito, ambapo ovari hutoa homoni ya estrojeni bila mpangilio: wiki hii imezidi, wiki ijayo imeshuka mno. Ngozi inahusika moja kwa moja, kwa kuwa seli zake zina vipokezi vya estrojeni. Zinazo zile zinazojenga tabaka la juu, zile za chini zinazotengeneza kolajeni, zile zinazotia rangi, na zile za mizizi ya nywele. Homoni ikiyumba, zote zinayumba.

Mwaka 1941 daktari wa Boston, Fuller Albright, aliandika kuhusu wanawake ambao mifupa yao ilidhoofika baada ya kukoma hedhi. Aliona kwamba wengi wao walikuwa na ngozi nyembamba pia. Miaka ya 1980, mjini London, Mark Brincat na wenzake walipima kile ambacho Albright alikiona kwa macho. Walikuta kwamba katika miaka mitano ya mwanzo baada ya ukomo, ngozi hupoteza takriban asilimia 30 ya kolajeni yake, na baada ya hapo upotevu huendelea taratibu, kama asilimia 2 kwa mwaka kwa miaka mingi. Naona uzito mkubwa katika kuona kwamba ngozi na mfupa vinapungua pamoja. Mwanamke anayegonga mkono kidogo kwenye ukingo wa meza na kukuta umevilia damu ana sababu ya kuijali mifupa yake pia: kutembea, kubeba vitu vyenye uzito wa wastani, kula dagaa pamoja na miba yake, kunywa maziwa au mtindi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya maandishi kuhusu ngozi ya umri huu imeandikwa kwa ajili ya wanawake weupe, na hofu yake kuu ni mikunjo. Ngozi yetu nyeusi ina melanini nyingi, nayo huzuia jua lisiivunjevunje kolajeni kwa kasi ile, kwa hiyo mikunjo midogo ya uso hutuchelewa. Mwanamke wa Tandika au Kisauni mwenye miaka 50 anaweza kuwa na uso laini kuliko wa mwenzake wa Ulaya mwenye miaka 40. Matatizo yake ni mengine: kupauka, kuwashwa, na rangi isiyotulia. Akisoma ushauri wa wageni anakuta dawa za kitu asichokuwa nacho, na kile kinachomsumbua kimetajwa kwa mstari mmoja tu.

Nianze na ukavu, kwa kuwa ndio ulioenea zaidi na ndio wenye dawa rahisi. Tabaka la juu la ngozi limejengwa kwa seli zilizopangana na mafuta ya asili yaliyojaa katikati yake. Estrojeni ikipungua, mafuta hayo nayo hupungua, na ngozi inakuwa paa la makuti lililolegea: kwa mbali bado ni paa, lakini haizuii tena. Maji ya mwili yanatoka nje, na vitu vinavyokera vinaingia. Ndipo mtu anapopauka saa mbili baada ya kuoga, anawashwa bila upele, na wengine huhisi sisimizi wakitembea chini ya ngozi mahali ambapo hakuna mdudu. Hilo la sisimizi limewatisha wanawake wengi wakadhani wamerogwa, au akili inawaondoka. Ni dalili inayojulikana ya kipindi hiki.

Sasa tazama tunavyooga hapa kwetu. Sabuni ya mche, iliyotengenezwa kwa kufulia, inatumika mwili mzima. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, kipimo chake kikiwa karibu na 5, na sabuni kama hiyo hufika 9 au 10. Juu yake tunaongeza dodoki gumu na maji ya moto, kwa kuwa tumelelewa tukiamini kwamba mwili haujatakata mpaka ulie. Kwa msichana wa miaka 20 ngozi hujirekebisha kabla ya jioni. Kwa mwanamke wa makamo huchelewa kujirekebisha, na akiona unga mweupe miguuni anadhani ni uchafu uliobaki, anasugua zaidi kesho yake.

Tiba yenyewe haina makuu. Maji ya uvuguvugu, kuoga kwa muda mfupi, sabuni laini isiyo na marashi, nayo itumike kwapani, sehemu zenye mikunjo na miguuni, si mwili mzima kila siku. Kisha mafuta yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika chache baada ya kutoka bafuni, yayafungie maji yasitoke. Mafuta ya mgando, yale ya kopo la bei ndogo yaliyompatia Robert Chesebrough hataza yake mwaka 1872, mpaka leo hayajapata mshindani mkubwa katika kuzuia maji yasipotee kwenye ngozi. Mafuta ya nazi ni mazuri pia, na bibi zetu hawakukosea kuyapenda. Anayeweza kumudu losheni yenye gliserini au keramaidi apake hiyo kwanza, kisha mafuta mazito juu yake. Kwa magaga ya kisigino, krimu yenye yurea hulainisha vizuri kuliko jiwe na wembe. Wembe naomba uachwe kabisa, hasa kwa mwenye kisukari, kwa sababu kidonda cha mguu katika umri huu kinachelewa kufunga.

Napenda liwa na singo, napenda harufu ya asumini na vilua nguoni, na sitaki mwanamke yeyote aambiwe kwamba uzuri wa kwao umepitwa na wakati. Lakini singo ni ya kusugua, na viungo vikali vya ndani yake vinaweza kuichoma ngozi iliyokwisha kukauka. Mwenye kuipenda aisage laini, aichanganye na mafuta mengi, na aiache ikimwasha. Marashi yakae kwenye nguo.

Yote hayo ni ya ngozi inayowasha kwa ukavu. Kuwashwa kunakoendelea wiki nyingi pamoja na mafuta, au kunakoambatana na kukonda, macho ya manjano, uchovu mzito au kuvimba miguu, kunahitaji vipimo vya damu, kwani figo, ini, tezi ya shingo na upungufu wa chuma vyote vinaweza kuiwasha ngozi. Umri usitumike kufunika kila kitu.

Nije kwenye madoa. Katika saluni na vichochoro vya maduka ya vipodozi mazungumzo huenda hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama yangu, hayo madoa yasikunyime raha. Nina kitu hapa, wiki mbili tu umetakata."

"Kina nini ndani?"

"Kimechanganywa na mtaalamu. Hata wake za wakubwa wanachukua kwangu."

Kopo halina maandishi, au lina maandishi ya lugha ambayo muuzaji na mnunuzi hawaisomi. Huo ndio mkorogo. Mara nyingi ndani yake mna klobetasoli au betamethasoni, dawa kali za jamii ya steroidi, pamoja na haidrokwinoni, na wakati mwingine zebaki. Tanzania, Kenya na Rwanda zote zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na kila mara maofisa wanakamata shehena. Kopo bado lipo mkononi mwa yule kijana, kwa sababu mwenye haja naye yupo.

Simlaumu mnunuzi. Wanaoandika kuhusu kujichubua huandika kana kwamba kila anayenunua anaichukia rangi yake, na wapo wa hivyo, lakini mwanamke ninayemsema hapa anataka kitu kidogo zaidi. Aliamka na ramani ya kahawia iliyokolea kwenye mashavu, juu ya mdomo na kwenye paji la uso, na anataka uso aliokuwa nao mwaka jana. Tena mkorogo katika wiki za mwanzo unafanya kazi kweli. Steroidi inatuliza mwasho, inafifisha madoa, uso unang'aa, majirani wanauliza anatumia nini. Mtu aliyepata nafuu ya namna hiyo hawezi kuaminishwa kwa makaripio kwamba amekosea.

Kinachofuata ndicho kinachonitia uchungu. Steroidi kali ikipakwa kila siku huzizuia seli za ngozi zisitengeneze kolajeni. Ukomo wa hedhi tayari umeichukua theluthi moja au karibu yake. Upotevu mmoja unaingia juu ya mwingine, kwa mwanamke yuleyule, kwenye uso uleule. Ngozi inakuwa nyembamba hata mishipa inaonekana, michirizi mipana inajitokeza mapajani na mikononi, chunusi zinafumka, nywele zinaota mashavuni, fangasi inasambaa chini ya krimu bila kujionyesha sawasawa. Viungo vya vidole vinabaki vyeusi huku mkono wote umekuwa mwekundu. Dawa ikipakwa mwili mzima kwa miaka huingia kwenye damu, ikapandisha sukari na shinikizo, ikaidhoofisha mifupa ileile ambayo estrojeni imekwisha kuiacha. Madaktari wa upasuaji wanaijua ngozi hii: uzi wa kushonea unaichana, na kidonda kinagoma kufunga.

Haidrokwinoni nayo ina historia yake Afrika. Mwaka 1975 daktari George Findlay wa Pretoria na wenzake walieleza kuhusu wanawake waliotumia krimu kali za aina hiyo kwa muda mrefu, ambao mashavu yao, badala ya kutakata, yaliota weusi wa bluu uliojaa vipele vigumu, na weusi huo karibu hauondoki. Afrika Kusini iliiondoa kwenye vipodozi mwaka 1990. Na kuhusu zebaki, ushahidi ulitoka hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1972 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, walichapisha ripoti ya wagonjwa waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zinapitisha protini. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi, na zebaki ilionekana kwenye mkojo. Baadhi yao figo zilipona walipoacha krimu. Ripoti hiyo ina zaidi ya miaka 50 sasa. Naona ingefaa kila mwenye saluni aisikie, kwa Kiswahili chepesi, kabla ya kupewa leseni.

Je, madoa yenyewe yanatibiwaje? Yale ya kahawia yanayokaa pande zote mbili za uso yanaitwa melasma. Homoni huyaamsha, ndiyo maana hutokea kwa wajawazito na kwa watumiaji wa vidonge vya uzazi wa mpango, na katika miaka ya mpito huweza kuanza au kurudi. Lakini kinachoyalisha kila siku ni mwanga. Hapa kuna jambo ambalo watu wenye ngozi nyeusi wamecheleweshwa kuambiwa: mbali na miale ya jua isiyoonekana, hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho huikoleza rangi kwenye ngozi nyeusi. Krimu nyingi za kukinga jua zinazuia miale isiyoonekana tu. Inayofaa melasma ni ile yenye rangi ya udongo, iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa kuwa ndiyo inayozuia na huo mwanga wa kawaida. Zile nyeupe, mbali na kutotosha, zinatuacha na uso wa majivu, na wanawake wengi wamezitupa kwa haki.

Kutengeneza krimu ya jua kwetu si ndoto. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, kinachofundisha wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapo ndipo ilipoanzia Kilisun, krimu ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao jua ni suala la uhai na kifo kwa saratani ya ngozi. Wao ndio wa kwanza kuipata na wabaki kuwa wa kwanza. Ila nikifikiri kwamba ujuzi huo upo chini ya Kilimanjaro, natamani siku moja utoke humo mchanganyiko wa rangi ya kunde na rangi ya kahawa, kwa bei ambayo muuza mboga wa sokoni anaimudu.

Kabla ya siku hiyo, kivuli ni dawa. Kofia pana, mwavuli, mtandio uliovutwa mbele ya paji la uso, kupanga safari ya sokoni iwe asubuhi mapema. Na joto la moto lihesabiwe. Mama lishe anayesimama juu ya jiko la mkaa toka alfajiri, uso wake ukipigwa na joto la sufuria mbele na jua nyuma, ana madoa yasiyosikia krimu yoyote, na nafuu yake ya kwanza inaweza kuwa kulihamisha jiko lipate kivuli, au kuliinua ili asiiname juu yake. Sijawahi kuona ushauri huo umeandikwa kwenye kopo.

Baada ya kinga ndipo zinakuja dawa. Asidi ya azelaiki hufifisha madoa na kutibu chunusi kwa pamoja, tena si kali kwa ngozi nyeusi. Tretinoini husaidia rangi na kolajeni, lakini huanza kwa kukausha, hivyo mwanamke wa makamo aianze usiku, mara mbili kwa wiki, kiasi cha punje ya choroko kwa uso mzima, juu ya losheni. Hata haidrokwinoni ina nafasi yake mikononi mwa daktari wa ngozi: kiwango kinachojulikana, miezi michache, kisha kusimama. Tofauti yake na mkorogo ni kipimo, muda na mtu anayetazama matokeo. Yote hayo huchukua miezi mitatu, minne, sita. Madoa yaliyozama chini sana hufifia tu, hayafutiki, na jua la wiki moja bila kinga linaweza kuyarudisha. Daktari anayemwambia mgonjwa ukweli huu siku ya kwanza anamkinga na yule kijana wa wiki mbili.

Si kila weusi ni melasma. Shingo inayokuwa nyeusi na nene, na ngozi yake ikawa laini kama kitambaa cha mahameli, watu huitukana kwamba haiogeshwi. Mara nyingi hiyo ni alama kwamba mwili unashindana na insulini, na kinachotakiwa ni kupima sukari, si dodoki. Nywele mbili tatu ngumu za kidevuni ni matokeo ya estrojeni kushuka huku homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo, zikibaki. Azing'oe kwa kibano au kwa uzi, hakuna ubaya. Zikija nyingi kwa ghafla, na sauti ikawa nzito, aende hospitali. Na doa jeusi jipya kwenye unyayo au chini ya ukucha, linalokua, lisisubiri.

Somo wa zamani asingeona haya kuendelea, nami nitaendelea. Ngozi ya sehemu za siri nayo ni ngozi, na ndiyo inayoitegemea estrojeni kuliko nyingine zote. Inapopungua, huko kunakuwa kwembamba, kukavu, kukiungua wakati wa haja ndogo na kuuma wakati wa tendo la ndoa. Mwanamke anakwenda duka la dawa anaambiwa ni UTI au fangasi. Anameza antibayotiki, anarudi baada ya mwezi, anapewa nyingine, na mkojo haujapimwa hata mara moja. Nyumbani anajiosha kwa sabuni ya harufu, na wengine hutumia shabu wakidhani wamelegea, wakati shabu inakausha kilichokwisha kukauka na kuacha michubuko inayofungua njia kwa maambukizi. Ndoa zimeingia baridi kwa ajili hii, mume akidhani amechokwa, mke akidhani amekwisha. Dawa ipo: maji matupu kwa kuoshea nje, kilainishi wakati wa tendo, na krimu ya estrojeni ya kupaka ndani kwa kipimo kidogo, ambayo kwa wanawake wengi ni salama na hurejesha hali ndani ya wiki kadhaa. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze kwanza na daktari wake. Mabaka meupe yanayowasha sana huko yaangaliwe na daktari kwa macho, yasitibiwe kwa kukisia. Na damu inayotoka tena baada ya mwaka mzima wa ukimya, hata tone, ni ya kupelekwa hospitali wiki hiyohiyo.

Watu huniuliza kuhusu homoni za kumeza au za kubandika. Utafiti unaonyesha kwamba zinaongeza unene wa ngozi na kolajeni, na kwa mwenye joto kali la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi zinaweza kumrudishia maisha. Lakini hazitolewi kwa ajili ya uso peke yake, na zina watu wasiofaa kuzitumia, kama waliowahi kupata saratani ya matiti au damu kuganda. Kwa wengine zinaweza hata kuyaamsha madoa. Ni mazungumzo ya chumba cha daktari, yenye historia ya ugonjwa ya mtu mwenyewe mezani.

Limebaki la wale ambao tayari wapo ndani ya mkorogo, miaka mitano, miaka kumi. Asiamke mmoja wao leo akatupa kopo lote kwa hasira baada ya kusoma. Ngozi iliyozoea steroidi kali ikiachishwa ghafla hulipuka: uso unawaka moto, unavimba, unatoa usaha, na mtu anarudi kwenye kopo kwa hofu, akiwa ameaminishwa kwamba bila hilo ngozi yake imeoza. Ikiwa alikuwa akipaka mwili mzima, mwili wenyewe unaweza kuwa umeacha kutengeneza homoni yake ya asili ya aina hiyo, na kuacha ghafla kukamletea kizunguzungu, kutapika na kuishiwa nguvu. Huachishwa hatua kwa hatua, kwa dawa dhaifu zaidi na siku zinazopishana, huku ngozi ikilishwa mafuta na kukingwa jua. Aende kliniki ya ngozi, na kama iko mbali, kwa mganga wa hospitali ya wilaya. Aende na kopo lenyewe mkobani, hata kama limebandikwa karatasi ya uongo, aseme analipaka wapi, mara ngapi, toka lini, na kama amewahi kufanyiwa upasuaji au anategemea kufanyiwa. Apimwe shinikizo la damu, sukari na mkojo siku hiyohiyo. Na anayempokea pale mezani amwombe akae, asome kopo, aanze na maswali hayo.